Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeifichua saratani ya mataya ya watoto

Katika mtaa wa Kawangware 56 jijini Nairobi, sawa na kule Kibera, familia nyingi zina boma la pili ng'ambo ya Bonde la Ufa: Busia, Siaya, Kakamega au Homa Bay. Shule zinapofungwa, watoto hupandishwa basi wakawaone nyanya na babu zao. Huko huumwa na mbu, na baadhi yao hurejea jijini na malaria. Wachache mno hupatwa na jambo lililo zito zaidi. Taya huvimba, meno yakalegea, na mzazi akadhani ni jino bovu. Jino hung'olewa lakini uvimbe haupungui. Wiki chache baadaye umeupindua uso mzima na kulisukuma jicho nje. Maradhi hayo yasipotibiwa huua kwa muda wa miezi michache tu, kwani seli zake hugawanyika kwa kasi isiyo na kifani miongoni mwa saratani za binadamu. Yakitambuliwa mapema na kutibiwa ipasavyo, mtoto hupona.

Ugonjwa huo huitwa limfoma ya Burkitt. Wauguzi hulitaja jina hilo kila siku wodini, ingawa mwenyewe, Dkt Denis Parsons Burkitt, aliaga dunia mwaka 1993 na wengi wanaolitamka hawamjui hata kidogo.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa kisiwa cha Ireland. Babake, James Burkitt, alikuwa mhandisi aliyesimamia barabara za jimbo, na katika saa zake za mapumziko aliwanasa ndege wadogo wenye kidari chekundu, akawavisha pete miguuni na kuchora ramani ya eneo ambalo kila ndege alilimiliki. Kazi hiyo ya upweke ilimpatia heshima kubwa miongoni mwa wataalamu wa ndege. Ni vigumu kuisoma habari ya mwana bila kuiona ramani ya baba nyuma yake.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa na jiwe usoni wakati vijana wa shule walipokuwa wakirushiana mawe. Jicho lake la kulia liliharibika na kuondolewa. Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama babake. Lakini mikutano ya sala ya wanafunzi ilimbadilisha mawazo, akahamia kwenye udaktari na kufuzu mwaka 1935. Miaka mitatu baadaye alipata shahada ya upasuaji mjini Edinburgh, kisha akasafiri hadi Manchuria akiwa daktari wa meli. Aliporejea aliomba kazi ya serikali katika makoloni ya Afrika Magharibi. Ombi lilikataliwa, kwa hoja kwamba mtu wa jicho moja hafai kupewa kazi ya kupasua watu huko.

Vita Vikuu vya Pili vilimfungulia mlango uliokuwa umefungwa. Mwaka 1941 alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza, na miongoni mwa vituo alivyopelekwa vilikuwamo Kenya, Somalia na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Nairobi haikuwa ngeni kwa ukoo wake. Ami yake, Dkt Roland Burkitt, alikuwa mpasuaji mashuhuri jijini humo tangu enzi za walowezi wa kwanza, akijulikana kwa desturi yake ya kuwatibu wagonjwa wa homa kali kwa maji baridi. Mwaka 1943 Denis alimwoa Olive Rogers, na Mungu akawajalia mabinti watatu.

Vita vilipokwisha, hoja ya jicho moja haikuwa na nguvu tena. Mwaka 1946 alipelekwa Uganda, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango. Huko alikutana na tatizo ambalo madaktari wengi wangelipita: mabusha. Wanaume wengi walikuwa nayo, naye akiwapasua aliona kwamba wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya, ilhali waliotoka magharibi walikuwa wachache. Alizunguka, akahesabu, akaandika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1951, na yalikuwa mazoezi ya kazi kubwa iliyokuwa ikimngoja.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, iliyokuwa pia mahali pa mafunzo ya udaktari kwa wanafunzi wa Makerere. Alikuwa mpasuaji wa kawaida, mwenye mikono mizuri na foleni ndefu ya wagonjwa. Hakuwa mtafiti, hakuwa na maabara, wala hakujidai kuwa mwanasayansi.

Siku moja mwaka 1957, Dkt Hugh Trowell, bingwa aliyekuwa amejipatia jina kwa utafiti wake juu ya kwashiakoo, alimwita wodini amtazame mvulana wa miaka mitano. Mataya ya mtoto huyo yalikuwa yamevimba pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt alishangaa. Maambukizi ya usaha hayaji kwa mpangilio kama huo. Saratani nayo, kwa jinsi alivyofunzwa, huanzia mahali pamoja. Alipiga picha na hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja kwa ziara ya kazi. Akitupa jicho nje ya dirisha, aliona mtoto ameketi nyasini na mamake, uso umevimba vivyo hivyo. Alitoka kumpima, na ndani ya tumbo la msichana huyo akapapasa uvimbe mwingine.

Mgonjwa mmoja ni kioja, lakini wawili ni jambo la kutafutiwa sababu. Burkitt alirudi Mulago na kuanza kufukua majalada. Humo alikuta watoto chungu nzima waliokufa kwa uvimbe, ila kila mmoja aliandikiwa jina la ugonjwa tofauti. Ulipoanzia jichoni, uliitwa saratani ya jicho. Ulipokuwa katika figo, saratani ya figo. Katika ovari, saratani ya ovari. Katika taya, saratani ya mfupa. Daktari aliyeona kiungo kimoja alikipa kiungo hicho jina. Burkitt aliwatazama watoto wenyewe, akaona kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo na wa figo ulikuwa ukifuatana ndani ya miili ileile. Mwaka 1958 alichapisha taarifa juu ya wagonjwa 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Haikumshtua mtu yeyote.

Hapa ndipo lilipo suala la tishu, na bila ya suala hilo jina la Burkitt lingebaki kwenye majalada ya Mulago. Makerere ilikuwa na bahati ya pekee. Profesa Jack Davies wa idara ya patholojia alikuwa ameanzisha sajili ya saratani ya Kampala mwaka 1951, na vipande vya uvimbe vilivyokatwa katika hospitali mbalimbali za Uganda vilihifadhiwa idarani humo. Mmarekani George O'Conor alivichukua vipande vya watoto, akaviweka chini ya hadubini kimoja baada ya kingine. Aligundua kwamba karibu nusu ya saratani zote za watoto katika sajili hiyo zilikuwa za aina moja: limfoma, yaani saratani ya chembechembe za kinga ya mwili. Majina mengi yaliyoandikwa kwenye majalada yalikuwa ya ugonjwa mmoja. Ripoti zake za mwaka 1960 na 1961 zilimpa Burkitt kitu ambacho mpasuaji hawezi kukipata kwa kisu.

Alichokiona O'Conor, na baada yake Dennis Wright aliyeendeleza kazi hiyo Makerere, ni sura ambayo wanafunzi wa patholojia huikariri hadi leo. Seli za ugonjwa hujipanga zikigusana, zote za ukubwa mmoja, zikiwa na rangi ya buluu iliyokolea. Kwa kuwa zinazaliana upesi mno, nyingi hufa upesi pia. Na seli kubwa za kusafisha mwili huja kuzimeza zile zilizokufa. Hizi kubwa huonekana kama madoa meupe yaliyotawanyika katika giza, hata wataalamu wakaiita sura hiyo anga lenye nyota.

Ni sura nzuri kwa jicho lililofunzwa, lakini jicho la namna hiyo ni adimu. Kipande cha tishu kinachokatwa kwenye taya la mtoto hulazimika kuloweshwa kwenye dawa, kugandishwa kwenye nta, kukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kutiwa rangi na kumngoja daktari wa patholojia. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki madaktari hao ni wachache na wamejazana katika miji mikuu. Kwa ugonjwa ambao uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, mwezi mmoja wa kungoja jibu ni hukumu.

Ndiyo maana mbinu ya kuzichambua picha za tishu kwa tarakilishi imepokewa kwa hamu katika karne hii. Kioo chenye tishu hupitishwa katika mashine inayokipiga picha kubwa yenye nukta mabilioni. Tarakilishi huikata picha hiyo kuwa miraba midogo maelfu kwa maelfu, na programu iliyofunzwa kwa mifano ambayo wataalamu wameshaitambua huupa kila mraba alama: huu unafanana na saratani, huu haufanani. Daktari huletewa picha iliyotiwa rangi pale penye shaka, atazame kwanza hapo. Katika limfoma ya Burkitt iko pia kazi ya kuhesabu seli zinazogawanyika, ambazo hutambulishwa kwa rangi maalumu na hukaribia zote. Binadamu huchoka kuhesabu, mashine haichoki.

Kenya imeonja jambo hilo, japo kwa saratani nyingine. Kati ya mwaka 2018 na 2019, katika Hospitali ya Kinondo Kwetu, Kaunti ya Kwale, wanawake 740 wanaoishi na virusi vya ukimwi walichukuliwa seli za mlango wa kizazi. Vioo vilipigwa picha papo hapo kwa mashine ndogo, picha zikatumwa kupitia mtandao wa simu, na programu ya tarakilishi ikazisoma. Ilizitambua vyema seli zenye kasoro, zile hatari hasa. Kama hilo liliwezekana Kinondo, hakuna sababu lisiwezekane katika zahanati iliyo hatua chache kutoka steji ya Kawangware 56, ambako Hospitali Kuu ya Kenyatta iko umbali wa kilomita chache tu lakini foleni yake ni ndefu.

Hata hivyo, furaha isitupite. Programu hujua kile ilichofunzwa. Iliyolelewa kwa vioo vya Ulaya inaweza kukanganywa na rangi iliyotiwa tofauti au tishu iliyokatwa nene katika maabara ya wilaya. Anga lenye nyota nalo si la Burkitt peke yake. Limfoma nyingine kali huweza kulionyesha, na vipimo vya ziada huhitajika. Tena mashine haikati nyama. Pakikosekana mtu wa kuchukua sampuli na dawa ya kuiweka, hakuna picha ya kuchambua.

Tumrudie Burkitt. Baada ya kujua kwamba ugonjwa ni mmoja, aliuliza swali la babake: unaishi wapi? Mtaalamu mgeni kutoka Afrika Kusini alikuwa amemwambia kwamba kwao watoto wa namna hiyo hawaonekani. Kwa ruzuku ya paundi 25, Burkitt alichapisha karatasi zenye picha za watoto waliovimba mataya na kuzituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona kitu kama hicho. Kila jibu lilipofika alichomeka pini kwenye ramani ukutani. Pini zilijipanga mithili ya mkanda uliokatiza Afrika ya kati, na mkia ukishuka kando ya pwani ya mashariki.

Alitaka kuujua mwisho wa mkia huo kwa macho yake, au tuseme kwa jicho lake. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, West Nile, na Cliff Nelson. Chombo chao kilikuwa gari aina ya Ford la mwaka 1954, lililokwisha kutumika, walilolinunua kwa paundi 250. Williams alikuwa fundi wa magari wa kujifunza mwenyewe, na ufundi wake ulihitajika. Kwa majuma 10 walisafiri maili 10,000, yaani kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakizuru hospitali zipatazo 60. Kila walipofika waliwaonyesha wenyeji picha, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Safari nzima iligharimu chini ya paundi 700. Katika historia ya tiba ni nadra sana fedha kidogo kiasi hicho kununua maarifa mengi namna hiyo.

Waliporejea, mkanda ulikuwa na mipaka. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa futi 5,000. Kadiri walivyoelekea kusini kwenye baridi, ulikoma chini zaidi. Mahali pakavu mno haukuwapo. Mwanzoni Burkitt alidhani ni suala la mwinuko. Dkt Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe alimfahamisha kwamba mwinuko ni kisingizio tu, kinachohesabika ni joto na mvua, kama ilivyo kwa magonjwa yanayoenezwa na mbu. Nairobi, iliyo juu ya futi 5,000, iliangukia nje ya mkanda. Kisumu na vijiji vilivyozunguka Ziwa Victoria vilikuwa ndani. Hapo ndipo linapoeleweka jambo la mtoto wa Kawangware 56: hakuupata ugonjwa mtaani, bali huko likizoni au alikozaliwa.

Je, mbu huleta nini? Wakati wengi walipowaza kuwa ni virusi, Mmarekani Gilbert Dalldorf, akifanya kazi nchini Kenya na wataalamu wa Nairobi mapema katika miaka ya 1960, alielekeza kidole kwa malaria yenyewe. Baadaye Burkitt naye aliiunga mkono hoja hiyo, akitaja miongoni mwa ushahidi wake Unguja na Pemba, visiwa vyenye joto na mvua tele lakini ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa na ugonjwa huo ukawa adimu.

Virusi navyo vilikuwapo. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Aliyeketi nyuma alikuwa Anthony Epstein, mtafiti kijana aliyekuwa akitafuta virusi vya saratani katika kuku. Walikubaliana, na tangu hapo vipande vya uvimbe kutoka Mulago vikawa vikisafiri kwa ndege usiku hadi London. Kwa muda mrefu Epstein hakuona chochote. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ya msichana wa miaka tisa ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester. Sampuli ilipofika London jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka, na kilichoonekana kuwa uozo kilikuwa seli hai zilizobanduka na kuelea. Zilikuzwa maabarani. Februari 1964 Epstein alizitazama kwa hadubini ya elektroni na kuviona virusi. Yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza ugunduzi huo mwezi uliofuata. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Epstein alifariki Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 102. Utafiti uliowafuatilia watoto wapatao 42,000 wa West Nile katika miaka ya 1970 uliutia nguvu uhusiano huo.

Lakini kwa wazazi, virusi na ramani vilikuwa habari za mbali. Walitaka mtoto apone. Uganda haikuwa na mashine za mionzi, na kisu hakikufaa kitu kwa uvimbe uliosambaa. Burkitt alijaribu dawa mpya za kuua seli za saratani, methotrexate na cyclophosphamide miongoni mwazo, akishirikiana na Joseph Burchenal na Herbert Oettgen wa New York. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto waliopewa dozi moja au mbili tu hawakuugua tena. Jijini Nairobi, Peter Clifford wa Hospitali ya Kenyatta alifanya kazi hiyohiyo, na sampuli za wagonjwa wake zilipelekwa hadi Stockholm kwa mtafiti George Klein. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma chini ya John Ziegler, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Leo katika nchi tajiri takriban watoto tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huo hupona. Katika mkanda wenyewe ulipogunduliwa, idadi ni ndogo zaidi, na kuchelewa kutambuliwa ni sababu mojawapo.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Jijini London aligeukia jambo lisilo na uhusiano wowote na mataya: kwa nini Waafrika vijijini hawakuugua kidole tumbo, kuvimbiwa, wala saratani ya utumbo mpana kama Waingereza? Akitumia njia yake ya zamani ya barua na ramani, alijibu kuwa ni chakula chenye nyuzinyuzi. Alizunguka dunia akihubiri unga usiokobolewa, na mara nyingine akiwaonyesha wasikilizaji picha za vinyesi alivyovikuta vichakani Afrika. Wengine walicheka. Kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya nyuzinyuzi kiliuzwa kwa wingi, na huko Magharibi wengi walimfahamu kwa mkate kuliko kwa saratani. Si yote aliyodai yamethibitika kama alivyoyadai.

Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza, na mwaka huohuo akapewa tuzo ya Lasker nchini Marekani kwa matibabu ya limfoma. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester, wiki chache baada ya kutimiza miaka 82, akazikwa katika kijiji cha Bisley. Alimwacha mjane Olive na mabinti wao watatu.